Vuli huleta maua na mandhari, lakini pia husomba taka za plastiki

KILA mwaka ifikapo mwezi wa Oktoba, barabara nyingi za jiji la Nairobi hugeuka rangi ya zambarau. Mijakaranda huchanua, maua yake hupukutika na kutandaa kandokando ya njia mithili ya mkeka, na wapita njia husimama kidogo, simu mkononi, wakapiga picha.

Wakazi wa nchi za baridi wana msimu wao ambapo majani hugeuka mekundu na ya manjano kabla ya kuanguka. Mkenya hana msimu huo. Yeye ana vuli, mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, ambazo huosha vumbi hewani, zikarudisha kijani kwenye mbuga na kuipa hata milima ya mbali umbo lililo wazi. Kwa mpenzi wa picha za mandhari, ni vigumu kupata kipindi bora kuliko hiki.

Hata hivyo, mvua hiyo hiyo ina kazi nyingine. Maji ya kwanza mazito husomba kila kilichotupwa mitaroni wakati wa kiangazi: vifuniko vya chupa, mirija, pakiti za maziwa, karatasi za mkate na vijaluba vya sabuni ya shilingi chache. Anayekwenda mtoni siku mbili baada ya mvua kubwa hulazimika kuchagua pembe ya kupigia picha kwa uangalifu, ili taka zisionekane.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kuufuata mto mmoja. Mto Nairobi hupita kando ya jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka wa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini likaendelea kupokea taka za jiji kwa miaka mingi baadaye. Kutoka hapo mto huo hujiunga na Athi, ambao huporomoka kwenye miamba ya Fourteen Falls, karibu na Thika. Maporomoko hayo yamekuwa kivutio cha wapiga picha kwa muda mrefu, nayo chupa za plastiki hukwama papo hapo kwenye mawe.

Safari haiishii hapo. Athi hubadilika jina ukawa Galana ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, ukapita kwenye miamba ya Lugard Falls, kisha ukaitwa Sabaki na kumwaga maji yake katika Bahari Hindi, kaskazini mwa mji wa Malindi. Kwa hivyo mrija uliodondoshwa Eastleigh au Kariobangi una njia ya maji iliyonyooka hadi Pwani.

Na kwenye mlango huo wa Sabaki, wakati wa vuli, kuna wageni. Vitwitwi na ndege wengine wa ufukweni huwasili kutoka Ulaya na Asia wakiikimbia baridi, wakajilisha kwenye tope la mlango wa mto hadi karibu Aprili. Heroe nao huonekana hapo. Tope hilo wanalopekua kwa midomo ndilo linalopokea vipande vya plastiki kutoka bara.

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua na mawimbi huivunjavunja ikawa chembe ndogo, nyingine zisizozidi milimita tano, ambazo samaki na ndege humeza pamoja na chakula. Kasa naye huhadaika kwa namna yake. Mfuko mwepesi unaoelea majini hufanana na konyeza, au yavuyavu kama wengine wamwitavyo, kiumbe laini ambaye baadhi ya kasa humla.

Si kwamba taifa halijachukua hatua. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 2004, alionya mapema kwamba mifuko iliyotupwa hushika maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu. Juhudi za mwaka wa 2007 na 2011 za kuzuia mifuko hiyo hazikufua dafu. Ni mnamo Agosti 28, 2017 ambapo marufuku ya mifuko ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa, ikiandamana na faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne. Kisha, kuanzia Juni 5, 2020, chupa, mirija, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja vilipigwa marufuku katika mbuga za kitaifa, misitu na fuo zilizohifadhiwa.

Mabadiliko yalionekana. Miiba ya kando ya barabara kuu, iliyokuwa imevaa mifuko kama bendera, ilipumua. Lakini marufuku ya 2017 haikugusa vifungashio vya viwandani, na mifuko myembamba isiyo na rangi imeendelea kupenyezwa kupitia mipakani na kuishia sokoni, ikifungiwa sukuma wiki iliyokatwakatwa.

Kutegemea urejelezaji pekee ni kujidanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikadiria kuwa, kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa ulimwenguni hadi mwaka wa 2015, ni asilimia tisa tu zilizorejelezwa. Ndiyo maana hatua yenye tija zaidi ni ile inayochukuliwa kabla plastiki haijaingia nyumbani.

Kiondo na kikapu havijapitwa na wakati. Mama mboga hukatia mboga kwenye bakuli la mteja bila kinyongo, mradi mteja alikumbuka kulibeba. Mashine za kuuzia maziwa, zilizoenea mijini, humruhusu mnunuzi kuja na chombo chake, hivyo familia inayonunua maziwa kila siku huepuka mamia ya pakiti kwa mwaka. Maji ya kuchemshwa nyumbani na kutiwa kwenye chupa ya chuma huokoa pesa pia.

Ni kweli kwamba mwenye kipato kidogo hununua vijaluba kwa sababu hana fedha za kununua kopo kubwa, na si haki kumtupia lawama. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 iliwatwika watengenezaji jukumu la bidhaa zao hata baada ya kutumiwa, na hapo ndipo shinikizo linapostahili kuelekezwa.

Kuna desturi moja ambayo haina utetezi, nayo ni kuwashia jiko la makaa kwa kipande cha plastiki. Moshi wake una sumu, na unavutwa kwanza na anayepuliza moto na mtoto aliye karibu naye. Kijiti kikavu chatosha.

Kwa anayejiandaa kwenda kupiga picha, mambo ni mepesi. Maua ya mijakaranda hupendeza zaidi chini ya wingu au punde baada ya mvua, kwani jua la utosi huyafifisha. Katika nchi iliyo kwenye ikweta jua huzama upesi na nuru ya dhahabu ya jioni haikawii kutoweka, hivyo ni vyema kufika mapema. Mlangoni Sabaki, ndege husogea karibu maji ya bahari yanapojaa, na hapana haja ya kuwafukuza. Wapo waliozoea kuifunika kamera kwa mfuko wa plastiki mvua inaponyesha. Kipande cha turubai hufanya kazi hiyo hiyo na hudumu miaka.

Na zile taka zinazokwepwa na lenzi nazo zapaswa kupigwa picha. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka uzoaji wa taka mikononi mwa serikali za kaunti, na picha mbili za ukingo ule ule wa mto, moja kabla ya mvua na nyingine baadaye, zikiwa na tarehe na jina la mahali, ni ushahidi ambao afisa wa kaunti hawezi kuupuuza kirahisi.