Kufuli la kompyuta linaporuka foleni

Programu ya benki hupokea amri nyingi kwa mpigo, na kila amri huendeshwa na uzi wake, yaani mfululizo wa hatua unaokwenda sambamba na mingine. Nyuzi mbili zikibadilisha salio moja kwa wakati mmoja, hesabu huvurugika. Kinga yake ni muteksi, kufuli ambalo uzi mmoja tu hulishika huku nyingine zikisubiri.

Likiachiwa, nani afuate? Mwaka 1974 Mmarekani Leslie Lamport alichapisha utaratibu alioupa jina la duka la mikate: kila uzi huchukua namba, na wenye namba ndogo hutangulia. Ni haki isiyo na doa. Hata hivyo, makufuli mengi ya leo hayaufuati.

Uzi unaosubiri hulazwa usile bure muda wa prosesa. Kuuamsha huchukua mikrosekunde kadhaa, ilhali kazi ya ndani ya kufuli huenda ikahitaji sehemu ndogo tu ya muda huo. Ukiukabidhi kufuli kwa sababu ni zamu yake, kufuli litakaa bila kazi mpaka uamke. Nyuzi zilizo macho zikifika zitalikuta limeshikwa, nazo zitalala, na kila moja itahitaji kuamshwa. Foleni inazaa foleni. Ndiyo maana Microsoft, kuanzia Windows Server 2003 SP1, iliacha kugawa kufuli lake la ndani ya programu kwa zamu, na kasi ikapanda.

Ila nyuzi zilizo macho zikiruhusiwa kupita, kuna uzi utakaoamka kila mara ukute umeshapitwa. Hiyo ndiyo njaa ya kompyuta, na wastani mzuri wa kasi huificha: mteja mmoja anasubiri wakati takwimu zinang'aa.

Suluhisho linalonivutia ni la lugha ya Go, toleo 1.9 la mwaka 2017. Kwa kawaida wageni, yaani nyuzi zinazofika tu, wanaruhusiwa kupita. Lakini aliyesubiri akizidisha milisekunde 1 bila kupata, kufuli hubadili tabia: hukabidhiwa moja kwa moja aliye mbele, na wageni wote huenda mkiani. Foleni ikiisha au muda wa kusubiri ukishuka chini ya hapo, ruhusa ya kupita hurudi.

Java humwachia mwandishi wa programu achague. Kufuli lake la ReentrantLock, asipotamka lolote, halijali zamu. Na hata akichagua zamu, amri ya tryLock isiyowekewa muda hulichukua kufuli likiwa wazi, wanaosubiri wawepo wasiwepo.