Mwili Ndio Mwenyewe

Wenzangu, hebu fumba macho uguse pua. Umeipata, sivyo? Kila unapojisogeza, misuli na viungo hupeleka habari ubongoni; ndiyo maana wajua mkono huo ni wako.

Mwaka wa 1971, kijana Mwingereza, Ian Waterman, aliugua akiwa na miaka 19. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari hizo ikaharibika. Nguvu alikuwa nazo, lakini alijihisi kama hana mwili! Alijifunza upya kuketi, kusimama na kutembea kwa kuvitazama viungo vyake. Taa ikizimika ghafla, chini!

Basi kipindi cha michezo kisigeuzwe cha hesabu. Uwanjani pia mtu hujifunza yeye ni nani.