Kunakili Kitambaa cha Kale cha Herufi: Suala la Mshono na Abjadi

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma, viti vya sebuleni huvishwa vitambaa vilivyodariziwa kwa mkono: maua, ndege, na pengine maneno ya kumkaribisha mgeni. Ufundi huu uliwahi kupata nafasi darasani pia, kwani somo la Sayansikimu katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, liliwafunza wanafunzi ushonaji. Lisilojulikana sana ni kwamba herufi zenyewe ziliwahi kufunzwa kwa sindano. Huko Uingereza, wasichana walidarizi abjadi nzima juu ya kitani ili baadaye waweze kutia alama mashuka ya nyumba, yasipotee yanapofuliwa. Mzazi wa Bungoma anayeshona namba ya mwanawe kwenye sweta ya shule ya bweni anaielewa haja hiyo bila kuelezwa.

Anayekusudia kunakili kitambaa cha namna hiyo kwa mshono wa msalaba hufaa aanze kukichunguza kwa nyuma. Upande huo haukupigwa na mwanga kama wa mbele, hivyo rangi zake hazijapauka sana. Kisha huhesabu nyuzi. Kitani kikiwa na nyuzi 28 kwa inchi, na kila msalaba ukipita juu ya nyuzi mbili, hupatikana misalaba 14 kwa inchi. Mstari wa misalaba 140 utachukua inchi 10. Kila msalaba huwakilishwa na mraba mmoja katika karatasi ya miraba. Wakati wa kushona, mkono wa juu wa misalaba yote sharti uelekee upande mmoja, la sivyo uso wa herufi utakosa utulivu. Kitani cha kale mara nyingi hakikufumwa sawasawa, kwa hiyo herufi zake huonekana zimerefuka au zimetanuka. Kitambaa cha kisasa huiondoa hitilafu hiyo na, kwa bahati mbaya, huondoa pia sehemu ya haiba yake.

Ugumu hasa umo katika mapengo. Hariri nyeusi iliyotiwa rangi kwa kutumia chuma huoza mapema kuliko nyuzi nyingine. Herufi hutoweka, matundu ya sindano yakabaki, na mnakili makini huyasoma matundu hayo.

Hata hivyo, si kila herufi isiyoonekana imeoza. Kitambaa cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, kilichohifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert Museum, London, hakina J wala U katika abjadi yake. Wakati huo I na J, vivyo hivyo U na V, hazikuwa zimetenganishwa kikamilifu kuwa herufi mbalimbali. Anayezitia katika nakala kwa nia ya kusahihisha huwa amefuta ushahidi wa historia ya maandishi.

Tatizo lingine humkabili anayetaka abjadi ya Kiswahili. Vielelezo vya Kiingereza vina Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakizihitaji, ilhali havina ch, dh, gh, ng', ny, sh wala th. Kuzipachika sauti hizi ndani ya nakala ya kitambaa cha Kiingereza ni kuchanganya mambo mawili. Afadhali kishonwe kitambaa kipya, na vyote viwili vitiwe mwaka wa kushonwa pamoja na herufi za kwanza za jina la mshonaji, kwa kuwa nakala isiyo na mwaka, ikishakaa ukutani miaka hamsini, yaweza kudhaniwa kuwa ya kale.

Katika kitambaa hicho kipya, ng' ndiyo itakayodai nafasi kubwa. Ikiwa kila herufi ina upana wa miraba mitano, na mraba mmoja wa kutenganisha, ng' itachukua miraba 13: mitano ya n, mitano ya g, miwili ya nafasi na mmoja wa kibainishi, ambacho hushonwa juu kwa misalaba miwili iliyosimama. Mshonaji wa Bungoma atakayetaka kuandika Kibukusu ataihitaji ng' hiyo hiyo, kisha aongeze kh.