Kuuliza Si Ujinga

Yuko mtu ambaye akiletewa habari haipokei upesi. Hutaka kwanza ushahidi. Wenzake humwita mgumu wa moyo. Je, ni haki?

Tazameni yaliyotukia Kindu, mji wa Maniema ulio kando ya mto Lualaba. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za Waitalia zilitua huko na mizigo ya kikosi cha Umoja wa Mataifa. Wanahewa wake 13 walikuwa watumishi wa Umoja huo. Lakini askari wa Kongo waliwadhani kuwa Wabelgiji, askari wa miavuli, wakawakamata. Wote 13 waliuawa. Ukweli ulijulikana baadaye, nao haufufui mtu. Makaburi yao yako Pisa, nchini Italia.

Hata Mtume Tomaso alitaka kuona makovu, na Bwana hakumfukuza; alimwonyesha.

Basi, wazazi na wanafunzi, mkisikia neno zito juu ya mtu, ulizeni: Nani ameona? Ushahidi uko wapi? Anayesitasita huchelewa kidogo tu. Anayesadiki upesi aweza kumwaga damu isiyo na hatia.