Homa Imekwisha, Je, Akili ya Mtoto?

Mzazi wa pwani yetu, awe wa Malindi au wa Kilifi, hufurahi sana mtoto wake ainukapo kitandani baada ya malaria kali. Husema, "Ashukuriwe Mungu, amepona." Lakini uchunguzi uliofanywa papa hapa Kilifi watuonya kwamba ugonjwa huweza kuondoka mwilini ukaacha alama yake katika ubongo.

Uchunguzi huo ni wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989. Mwaka 2005 Julie Carter na wenzake walitangaza habari za watoto 487. Kati yao 152 walikuwa wamepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo, 156 walikuwa wamepatwa na malaria yenye degedege kali, na 179 hawakupata kuugua hivyo. Wagonjwa hao walipimwa miaka kadhaa baada ya kutoka hospitali. Wote walijaribiwa lugha, kumbukumbu, uwezo wa kutuliza mawazo, na mambo mengineyo. Katika kila kundi la waliougua, karibu robo walionekana kuwa na upungufu. Katika kundi la tatu, mmoja katika kumi.

Vijidudu vya malaria hufanya chembe nyekundu za damu zinate katika mishipa midogo ya ubongo, damu isipite vema. Degedege likidumu, huweza kuzidisha madhara.

Wazee wetu walisema kwamba degedege huletwa na nyuni, pepo ajaye kwa sura ya ndege. Hatuwacheki, kwani ugonjwa waliuona na kuupa jina. Lakini mtoto ashikwapo na degedege apelekwe hospitali mara moja, kwa maana kila saa ina thamani.

Tena kuna jambo la shuleni. Mtoto aliyewahi kuugua hivyo akiwa msahaulifu, au akichelewa kujibu, mwalimu humwita mvivu na baba humchapa. Yamkini hana kosa lolote, wala fimbo haiponyi ubongo. Wazazi, mwambieni mwalimu habari za ugonjwa ule; naye amfundishe polepole na kumrudia somo. Na mtoto akianza kuanguka kifafa, mwoneni daktari, maana dawa zake zipo.

Zaidi ya yote, watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.