Wanyama wa Baharini: Sili na Maisha Yake Chini ya Barafu

Msomaji aliyefuata makala haya tangu mwanzo atakumbuka kwamba juma lililopita tulieleza habari za nguva, mnyama mpole wa bahari yetu, alaye majani ya baharini, ambaye tangu kuzaliwa hata kufa kwake hakanyagi nchi kavu. Leo twamgeukia sili, ambaye wengi, kwa kuiona picha yake tu, humdhania kuwa ndugu wa nguva, hali nasaba zao zimetengana mbali: jamaa wa karibu wa nguva ni tembo, ama sili ni wa ukoo wa wanyama walao nyama, walimo dubu na mbwa, na wazee wake waliingia baharini zamani za kale kutafuta riziki, wala hawakukata kabisa uhusiano wao na ardhi. Samaki wake wamo majini, lakini pumzi yake i juu, na mtoto wake hana budi kuzaliwa mahali pakavu. Na katika mgawanyiko huo mna takriban kila jambo la ajabu, na kila jambo la msiba, katika maisha yake.

Jinsi za sili, pamoja na jamaa zao simba-bahari, ni zaidi ya 30. Wako barani kwetu, katika pwani za Namibia na Afrika ya Kusini. Wako hata katika maji matamu ya Ziwa Baikal, huko Urusi, mbali na bahari yoyote. Lakini anayestahili kutazamwa kwa makini kupita wote ni sili wa Weddell, aliyeitwa kwa jina la James Weddell, baharia wa Uingereza aliyesafiri bahari za kusini katika miaka ya 1820.

Makao ya sili huyu ni Antaktika, ambako bahari hufunikwa na barafu na maji yaliyo chini yake hupungua hata karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Baridi hiyo huizuia kwa shahamu nene iliyo chini ya ngozi. Pumzi ndiyo taabu yake kubwa, kwa kuwa barafu ikifunga hana pa kutolea pua. Basi huikereza kwa meno yake ya mbele na chonge zake, akilinda tundu lake lisizibe msimu wote wa baridi. Kazi hiyo huyala meno, na sili ambaye meno yake yamekwisha hana maisha marefu tena.

Akiisha kuvuta pumzi huzama mita 600 na zaidi, na yumkini akakaa chini zaidi ya saa moja. Hewa hiyo haiweki mapafuni, kwani hutoa pumzi kabla ya kuzama, na mapafu husinyaa kwa uzito wa maji. Akiba yake imo katika damu, aliyo nayo kwa wingi mno, na katika misuli. Moyo hupunguza mapigo, na damu huelekezwa zaidi kwenye ubongo. Gizani humsaidia masharubu, yahisiyo mtikisiko wa maji.

Mtoto huzaliwa juu ya barafu, akiwa na kilo zipatazo 25 au 30, na maziwa ya mama yana mafuta mengi hata katika majuma sita au saba uzito wake huongezeka zaidi ya mara tatu, huku mama akikonda.

Kule kupanda juu kuzaa ndiko kulikowaangamiza sili wengi, maana asiyeshikika majini hana mbio nchi kavu, na wawindaji wa karne ya 19 walikuja kwa marungu kutafuta ngozi na mafuta. Tembo-bahari wa kaskazini, ambao nao ni sili, walibaki akali tu katika kisiwa cha Guadalupe, hata Meksiko ilipowahifadhi kwa sheria mwaka 1922, na leo wamepita 100,000. Sili wa Karibi hawakupata mlinzi: walionekana kwa yakini mara ya mwisho mwaka 1952, na mwaka 2008 Marekani ikatangaza kuwa wametoweka. Juma lijalo, inshallah, tutaeleza habari za hao tembo-bahari waliosalimika.