Istilahi za Upumuaji wa Injini yenye Tabo

Neno moja katika kitabu cha maelekezo ya gari laweza kuiharibu injini. Mathalani, mfasiri akiiita gesi itokayo katika bomba la kupumulia "uvujaji", fundi asomaye atafanya lile alilofundishwa kuhusu kila kivujacho: ataziba. Akishaziba, gesi haina njia ila kuzisukuma sili za oili mpaka zichomoke, na oili yaweza kumwagika yote baina ya Makambako na Mafinga kabla dereva hajatambua. Basi hatuna budi kulielewa jambo lenyewe kwanza, ndipo tuchague istilahi.

Hakuna ringi za pistoni zinazoziba kabisa. Mchanganyiko uwakapo juu ya pistoni, sehemu ndogo ya gesi hupenya kandokando ya ringi na kushuka ilipo krenki, ikachanganyika na ukungu wa oili na mvuke wa maji. Tunapendekeza iitwe gesi ya mpenyo. Tumelifikiria pia jina "gesi penyezi", lakini lina harufu ya magendo, kwani mpenyezi ni mtu apitishaye vitu kwa siri. Gesi hii haina hatia hiyo: imo hata katika injini mpya, ingawa huzidi ringi zinapolika, na hapo ndipo mafundi husema injini imechoka. Mahali inapokusanyika ni chumba cha krenki, wala si kasha la krenki. Kasha ni chuma kinachozunguka. Gesi hukaa katika nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayopaswa kupumua. Sampo ni bakuli la chini tu, likaamo oili.

Tabo, ambayo chanzo chake ni hataza ya mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ya mwaka 1905, hutumia nguvu ya moshi utokao ili kuisukuma hewa iingiayo katika silinda. Katika Nyanda za Juu Kusini faida yake haihitaji kuelezwa sana. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo imepungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Lakini kanieneo ikizidi juu ya pistoni, gesi ya mpenyo nayo huzidi, na gari lililojaa mzigo likipanda Kitonga kuelekea Iringa hubaki katika hali hiyo kwa muda mrefu.

Njia ya kale ya kuitoa ni upumuaji wazi: bomba lashushwa chini ya gari na gesi yaenda zake hewani. Ni rahisi, haina cha kuharibika, na inachafua. Kutokana na uchafuzi huo, jimbo la California nchini Marekani lilianza mapema miaka ya 1960 kudai upumuaji funge, yaani gesi irudishwe katika njia ya hewa ili ikachomwe.

Katika injini ya petroli isiyo na tabo, upumuaji funge ni jambo jepesi, kwa kuwa ombwe lililomo katika manifoldi ya hewa huifyonza gesi. Tabo hubadili mambo. Dereva akikanyaga mafuta, pale palipokuwa na ombwe sasa pana kanieneo kuliko ya nje, na hewa ingerudi chini chumbani kama si vali ya njia moja. Hapo gesi hupita mpira wa pili, unaoipeleka kabla ya tabo, ambako hewa ingali inavutwa. Mfasiri aangalie sana maneno "kabla ya tabo". Tabo ina pande mbili, wa hewa na wa moshi, na kila upande una kabla yake na baada yake. Aandike "upande wa hewa, kabla ya tabo". Aidha, dizeli nyingi hazina ombwe la kutegemewa katika manifoldi, kwa hiyo maelezo ya petroli yasihamishwe huko kama yalivyo.

Gesi irudishwapo hubeba oili, nayo hupaka tabo na mabomba yake. Dereva wa gari la petroli akiteremka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni bila kukanyaga mafuta, ombwe huwa kali na oili huvutwa zaidi. Ndiyo sababu huwekwa kitenganishi cha oili, ambacho huirudisha sampo, au kopo ambalo huiweka mpaka imwagwe. Kopo hili limetusumbua. Tulipewa "kopo la kukinga oili", lakini kukinga ni kuweka chombo chini ya kitonacho, na pia ni kuzuia madhara. Msomaji angeweza kudhani oili ndiyo inayolindwa. Kauli ya kutendea yatuokoa: kopo la kukingia oili. Asubuhi za Juni na Julai, mvuke wa maji hupoa humo na kufanya uji mweupe kama maziwa, hivyo maelekezo yatamke wazi kwamba kopo limwagwe mara nyingi zaidi wakati wa baridi.

Wako pia wanaounganisha mpira na bomba la moshi, hasa katika magari ya mashindano. Hatukuona haja ya kulitungia hilo istilahi ya peke yake.

Limebaki neno "mafuta". Katika vituo vyetu mafuta ni petroli au dizeli; fundi aambiwaye "kopo la mafuta" atalitafuta karibu na tangi. Katika mada hii tuandike oili kila mahali, hata pale sentensi itakapokwaruza masikio ya mhariri.